Mjusi Kafiri na Moto wa Nabii Ibrahimu

Taa ya barazani Likoni iwashwapo baada ya Magharibi, mjusi kafiri hutoka darini, mwili umempauka, akiliramba kwa ulimi jicho lake lisilo na kope, akivizia mbu. Na mtoto hukimbilia ufagio, kwani amefunzwa chuoni ile Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume aliamuru mjusi auawe, kwani aliupuliza moto aliotupwamo Nabii Ibrahimu. Amri ya kumwua naipokea kwa taadhima. Lakini ikiwa Kurani yatufunza kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, kiumbe asiye na taklifu ya sheria atarithije dhambi? Naona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, riwaya yaeleza tabia ya jinsi ile, haimhukumu kila mmoja wao. Na yule mjusi mdogo wa mchana, mwenye kichwa cha manjano, akweaye minazi ya Kisauni, sioni hoja ya kumpiga jiwe.