Baba, Usisukume Sahani ya Kamande



Wapendwa mlio katika ndoa, Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu (Mwanzo 25:29-34). Dengu hizo za Biblia ndizo sisi huku Nakuru tunaziita kamande. Wahubiri wengine huzisema vibaya, kana kwamba zilikosea. Kosa lilikuwa la Esau, aliyedharau alichokuwa nacho.

Mimi pia nilidharau. Miaka kumi hivi iliyopita, mama watoto alinipakulia wali na kamande. Nilikuwa nimetoka kazini nikitamani nyama. Nikasukuma sahani nikasema, "Hiki ni chakula cha wagonjwa." Mwanangu wa miaka mitatu akasukuma yake papo hapo. Tangu siku hiyo hakuzigusa, na pesa za nyama hatukuwa nazo. Akawa anashindia chai na mkate. Alipopimwa kliniki, mstari kwenye kadi ulikuwa umeshuka. Mke wangu hakunilaumu. Alinipa kadi nijionee mwenyewe.

Jioni hiyo nilimwomba msamaha, kisha nikamwomba anifundishe kuzipika. Yeye alifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini. (Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na maduka ya Wahindi tumeyazoea tangu zamani. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza wanawapikia watoto nini?)

Chukua kikombe kimoja cha kamande nyekundu zilizopasuliwa. Ondoa vijiwe, osha vizuri, hazihitaji kulowekwa. Chemsha kwa vikombe vitatu vya maji na manjano kidogo, ukiengua povu. Baada ya dakika 20 hivi zitalainika na kuvurugika. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula, mtolee fungu lake hapo, kabla ya chumvi, uliponde. Kisha kaanga kitunguu, kitunguu saumu na bizari nyembamba kwa mafuta kidogo, tia nyanya, zikiiva mimina juu ya kamande. Pilipili waachie wakubwa. Chai nayo isiletwe pamoja na chakula, kwa maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayojenga damu. Chungwa husaidia.

Akina baba, someni pia 2 Samweli 23:11-12. Wafilisti walipokuja, watu walikimbia. Shama alisimama katikati ya shamba la dengu akalitetea, na Bwana akaleta ushindi mkubwa. Halikuwa shamba la mizabibu. Lilikuwa la dengu, na hakuona aibu kulipigania.

Basi nilikaa mkekani na mwanangu, sahani moja, mimi nikila kwanza. Siku ya kwanza alinitazama tu. Ya pili vilevile. Siku ya nne alichovya kidole, akalamba, akachovya tena. Mama yake alichungulia kutoka jikoni, akarudi kwenye sufuria bila kusema neno.