Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Jioni hapa Ilula, matenga ya nyanya yakishapakiwa kwenye malori, mwalimu wa kwaya huandika noti ubaoni: d, r, m, f. Huanza na sauti ya pili, maana ndiyo hupotea upesi. Kisha huinua mkono, vidole vyeupe kwa chaki, na kanisa zima linanyamaza. Wengi wa walimu wa kwaya kama huyu hawalipwi, nawaheshimu mno. Enoch Sontonga naye alikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini. Mwaka 1897 alitunga wimbo, wanafunzi wake wakauimba. Alifariki mwaka 1905. Watoto wa Ilula wakisimama mstarini asubuhi na kuimba Mungu Ibariki Afrika, sauti ile ni ya wimbo wake huo.