Kutayarisha Nguvu si Kutaka Vita

Wako watu waichunguzao dini ya Islam kwa moyo safi, nao huuliza: Ikiwa dini hii ni ya amani, mbona Kurani Tukufu inawaamuru waaminio wawe na nguvu tayari mbele ya adui zao? Swali hili ni la haki. Ndugu msomaji, ili kulijibu, tutazame jinsi mataifa mawili ya Ulaya yalivyojenga majeshi yao ya anga kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1939.

Kwanza yapasa kujua ya kwamba nguvu ya angani haipatikani siku ya vita. Ndege hutaka kiwanda, na kiwanda hutaka mafundi. Rubani hufundishwa kwa miezi mingi. Tena pahitajika viwanja, mafuta na vipuri. Taifa lingojalo mpaka mabomu yaanguke limekwisha chelewa.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Hata hivyo, vijana wake walijifunza kuruka katika vyama vya ndege zisizo na injini, na marubani wa kijeshi walifundishwa kwa siri huko Lipetsk, katika nchi ya Urusi. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933 aliikuta mbegu hiyo, akaikuza kwa haraka, na mwaka 1935 akalitangaza jeshi hilo waziwazi. Mwaka 1937 ndege zake ziliuteketeza mji wa Guernica huko Hispania, na mwezi wa Septemba 1939 zikaishambulia Poland.

Uingereza nayo haikulala. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt alionyesha kwamba mawimbi ya redio yaweza kuigundua ndege iliyo mbali. Ndipo minara ya rada ikajengwa pwani. Viwanda vya motokaa vilishirikishwa katika kutengeneza injini za ndege. Vijana waliokuwa na kazi zao za kawaida waliandikishwa kujifunza urubani. Mwaka 1936 Hugh Dowding alipewa kuongoza ndege za ulinzi, naye akayaunganisha yote: habari kutoka minarani zilipelekwa kwa simu hadi vyumba vya amri, zikaonyeshwa juu ya ramani, na marubani wakatumwa mahali alipo adui. Hivyo Ujerumani ilipokuja mwaka 1940 na ndege nyingi, ilishindwa kuitawala anga, na Uingereza haikuvamiwa.

Mataifa yote mawili yalijiandaa. Lakini moja lilijiandaa ili linyakue, na jingine likajikinga. Basi ubaya haumo katika maandalizi, bali katika nia.

Walakini tusimsifu mtu kupita haki. Uingereza hiyohiyo ilijenga pia ndege za kuangusha mabomu, na mwaka 1943 mji wa Hamburg, kisha mwaka 1945 mji wa Dresden, iliteketezwa na ndege za Uingereza na Marekani. Wanawake na watoto kwa maelfu waliangamia. Kumbe hata mwenye kujitetea aweza kuvuka mpaka, nguvu ikimtawala badala ya yeye kuitawala!

Hapa ndipo hekima ya Islam inapodhihirika. Ruhusa ya kupigana ilitolewa kwa wale walioshambuliwa na kudhulumiwa, baada ya Waislamu kuvumilia mateso ya Makka miaka kumi na mitatu. Utayari uliamriwa ili adui aogope, asithubutu kuanza. Na mara tu baada ya amri hiyo Mwenyezi Mungu anafundisha kwamba adui akielekea kwenye amani, nasi tuielekee na kumtegemea Yeye. Tena kuruka mipaka kumekatazwa, na Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza kuua wanawake na watoto. Dini isiyoamuru kujikinga humwacha mnyonge mikononi mwa mdhalimu. Na nguvu isiyo na mpaka humgeuza mlinzi kuwa mdhalimu mwingine.

Nawe, ndugu yangu, usidhani haya ni mambo ya wafalme na majemadari tu. Ulimi wako ni nguvu, na mali yako ni nguvu. Kama vile rubani hafundishwi siku ya vita, vivyo hivyo subira haijifunzwi siku ya hasira. Itayarishe leo, kwa sala na kwa kumcha Mungu, ungali na amani.

Mwenyezi Mungu atujalie nguvu pamoja na uadilifu. Amin.