Rimoti Nne

Karatasi ya makadirio ilikuwa na mchoro wa nyumba yetu, na ndani ya mchoro visanduku vinne vidogo: sebule, chumba chetu, chumba cha binti yetu, chumba cha Mama. Kutoka kila kisanduku mstari ulitoboa ukuta na kwenda kuungana na mashine moja kubwa iliyochorwa uani. Chini yake fundi aliandika bei, dola 17,500, na maneno niliyoyapenda kuliko bei: kila mtu na rimoti yake.

Tunaishi Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako usiku wa Januari kufika nyuzi 15 chini ya sifuri si habari ya kumpigia mtu simu. Kaya nyingi za jimbo hili zimezoea kupata joto kwa mafuta. Lori huja na kujaza tangi lililo chini ya nyumba, boila huyachoma, na maji ya moto huzunguka kwenye mabomba ya vyumbani. Mwaka 2019 jimbo lilijiwekea lengo la kufunga pampu za joto 100,000 ifikapo 2025. Lengo likatimia 2023. Kwa hiyo nilipoanza kuita mafundi sikuwa naongoza msafara, nilikuwa mkiani.

Aliyekulia Tanga au Dar es Salaam anaijua mashine hii tayari. Ni kiyoyozi cha ukutani kinachoweza kufanya kazi kinyumenyume. Kiyoyozi huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto huchukua joto la nje na kulileta ndani. Utauliza, nje kwenye theluji kuna joto gani? Lipo. Mahali ambapo joto huisha kabisa ni nyuzi 273 chini ya sifuri, na hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri bado iko mbali sana na hapo. Gesi inayozunguka kwenye mabomba ya shaba hufanywa iwe baridi kuliko hewa hiyo, hivyo hunyonya joto lake. Kompresa huibana mpaka inapata moto, na moto huo ndio unaopulizwa sebuleni. Umeme hapa hautengenezi joto, unalihamisha. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta hadi uniti tatu za joto siku ya baridi ya wastani, na karibu mbili usiku wa baridi kali, mradi mashine iwe imeundwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Rimoti nne zilinivutia kwa sababu joto lilikuwa ugomvi wetu wa kila siku. Kidude cha kurekebishia boila kilikuwa kimoja, ukutani karibu na ngazi. Binti yetu alikipandisha akitoka shule. Mimi nilikishusha nikikumbuka bei ya mafuta. Mke wangu alikipandisha tena baada ya mimi kulala, na asubuhi kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Mama peke yake hakuwahi kukigusa. Nikaona suluhisho ni kuugawa uwezo huo: kila mtu atawale chumba chake, asimwombe mwenzake. Nilidhani nimeona haki, tena inauzwa ikiwa na dhamana.

Fundi wa pili alikuwa mzee asiye na haraka. Alipima madirisha, akapanda darini na tochi, akashuka na vumbi mabegani. Alisema kabla ya mashine yoyote tuzibe kwanza mianya ya darini, kwa maana tulikuwa tunapasha joto mawingu. Kisha akaitazama karatasi ya mwenzake na kutikisa kichwa.

Mashine moja ya nje yenye vichwa vinne ndani, alieleza, lazima iwe kubwa ya kutosha kuvihudumia vyote usiku mbaya kuliko usiku wote. Lakini nyingi za aina hiyo haziwezi kushuka chini ya kiwango fulani cha nguvu. Chumba kimoja kidogo kikiomba joto kidogo, mashine kubwa haijui kutoa kidogo. Huwaka, hutoa zaidi ya ilichoombwa, huzima, huwaka tena, na kila mara hupoteza umeme na kujichosha. Pengine joto la ziada hupenya hata kwenye vichwa vilivyozimwa, kwa kuwa gesi haizuiliwi kabisa. Na kwa nyingi, vyumba vyote hufuata njia moja: mmoja akitaka ubaridi wakati mwingine anataka joto, mmoja hapati. “Rimoti ni nne,” alisema, “lakini moyo ni mmoja.”

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa rahisi. Tufunge mashine moja yenye kichwa kimoja sebuleni, tuache milango wazi, joto litembee lenyewe. Boila libaki kwa ajili ya ghorofani. Nikamwonyesha mlango wa chumba cha Mama.

Chumba hicho kiko nyuma ya sebule. Zamani kilikuwa baraza, mtu akaja akalizungushia kuta, na mabomba ya boila hayakuwahi kufika huko. Mama alipokuja kukaa nasi alikichagua mwenyewe kwa sababu hakina ngazi. Fundi alisema mlango ukiwa wazi mchana na usiku kitapata joto la kutosha. Sikujua namna ya kumweleza kwamba aliyoyataja si hesabu ya hewa tu. Mama hulala bila mtandio. Huamka kabla ya alfajiri kuswali. Sebuleni hupita mimi, hupita binti yetu na rafiki zake, hupita mafundi. Mlango wazi ungemvua stara ili sisi tuokoe umeme.

Kwetu Tanga milango ya vyumba ilikuwa wazi mchana kutwa, na kazi yote ilifanywa na pazia. Pazia lilizuia macho likaruhusu upepo. Nikaona nimepata jibu. Tulitundika pazia zito la maua, tukafungua mlango, na kwa siku tatu nikaweka vipimajoto viwili. Sebuleni nyuzi 21. Nyuma ya pazia nyuzi 15. Upepo wa bahari husukuma pazia na kuingia. Joto la sebule ya Maine halisukumi kitu.

Hapo fundi akaleta pendekezo jingine: mashine mbili zinazojitegemea. Moja ya sebule na jiko. Nyingine, ndogo kabisa aliyokuwa nayo, BTU 9,000, kwa ajili ya chumba cha Mama, na mashine yake ya nje iliyonyanyuliwa juu ya stendi isifukiwe na theluji. Zote mbili dola 9,800. Ghorofani wangebaki na mafuta.

Binti yetu ana miaka 15 na anasoma mambo ya tabianchi kwa hasira ya mtu atakayeishi muda mrefu. Alikaa na sisi mezani akauliza swali ambalo mpaka leo naliona zuri kuliko majibu yangu. “Baba, mnasema mnataka kupunguza mafuta. Chumba cha Bibi hakitumii mafuta hata tone. Ghorofani ndiko yanakochomwa. Mnanunua mashine ya kupunguza kitu mahali ambapo kitu chenyewe hakipo.”

Alikuwa sahihi. Pesa zile zile tukiziweka ghorofani zingeokoa galoni nyingi kila mwaka, moshi ungepungua, na watu watatu wangenufaika. Kwa Mama angenufaika mmoja, ambaye husema kila mwezi kwamba masika yakifika anarudi nyumbani. Na wala hakuwa ameomba chochote.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikwama. Msimu wa baridi uliopita nilimnunulia hita ya umeme ya kuchomeka ukutani. Kila nilipomuuliza, alisema, “Sijambo mwanangu, wala hakuna baridi.” Mwezi Machi nilikuwa natafuta sanduku kabatini kwake nikaikuta hita, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa utepe, kama kitu kinachosubiri kurudishwa kwa mwenyewe. Kitandani kulikuwa na mablanketi manne. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba hita za namna hiyo hula umeme. Mtu huyo nilikuwa mimi, siku nyingi nyuma, nikilalamika juu ya bili mbele ya watu wote.

Basi nikaanza kuitazama upya hesabu ya binti yetu, ambayo ilikuwa pia hesabu yangu. Ilihesabu mafuta yanayochomwa. Haikuwa na mahali pa kuandika baridi inayovumiliwa, kwa sababu baridi anayoivumilia mtu haina risiti. Kwa hesabu hiyo anayetumia sana ndiye mwenye haja kubwa, kwa kuwa kwake kuna kitu cha kupunguza, na asiyechukua kitu huonekana hana haja. Hata rimoti nne zingeendeleza mpangilio ule ule. Rimoti humpa nguvu anayethubutu kuibonyeza. Binti yetu angeibonyeza. Mama angeiweka kabatini pamoja na hita.

Nafahamu hoja hii inaweza kutumiwa vibaya. Kila mtu anaweza kumsingizia mama yake ili kukwepa wajibu wa mbali. Moshi wa boila letu hauishii Maine. Unakwenda juu ya watu ambao hawakuwahi kumiliki boila, wakiwemo jirani zetu wa Tanga. Nao pia hawana risiti. Niliposema hivyo, binti yetu aliniambia kwa upole kwamba nimeitetea hoja yake. Nadhani ni kweli. Mashaka yangu hayako kwenye kupunguza moshi. Yako kwenye kuanza kuhesabu kabla ya kuuliza nani hayumo kwenye hesabu, na safari hii aliyekosekana alikuwa anakula mezani petu.

Tulichukua mashine mbili. Mianya ya darini ikazibwa, na hilo peke yake lilipunguza mafuta ya ghorofani kuliko nilivyotarajia, ingawa siyo kiasi alichotaka binti yetu. Bado hukumbusha. Tumekubaliana ghorofani ndiko kunakofuata, na nimeandika mwaka kwenye karatasi iliyobandikwa friji ili nisije nikageuza maneno.

Siku ya kufunga, Mama alitazama kichwa cheupe juu ya mlango wake kama mgeni aliyepewa kiti kikubwa mno. Akaichukua rimoti, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa mpira, isiingie vumbi. Usiku wa kwanza aliizima. Wa pili pia. Asubuhi aliiwasha saa moja kabla hatujaamka, tusigundue.

Ningeweza kuifunga rimoti ile. Mashine inaruhusu: unaweka nyuzi unazotaka, unafunga, na mtu hawezi kubadili. Nilishika simu nikiwa na maelekezo mbele yangu, nikasita. Nimeitafutia nyumba hii haki kwa miezi minne, kisha jambo la mwisho liwe kumnyang'anya mtu mzima, mama yangu, uamuzi juu ya chumba chake? Sikuifunga.

Nilikwenda kukaa kitandani kwake nikamweleza mashine inavyofanya kazi. Kwamba siyo kama hita. Kwamba inapenda mwendo wa polepole usiokatika, na kwamba ukiizima usiku kucha, asubuhi hulazimika kukimbia katika saa yenye baridi kuliko zote, wakati umeme wake una faida ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo nikiiacha inawaka ndiyo nakusaidia?”

“Ndiyo, Mama.”

Nilimwambia kweli, ila si yote. Mashine hupenda mwendo usiokatika, lakini chumba kinachoachwa na baridi usiku kucha bado, kwa kawaida, hutumia umeme mdogo kuliko chumba chenye joto. Nilikijua kipande hicho nikakibakiza mdomoni. Nilimpa sababu ya kupokea joto bila kuona amepokea, na sijaamua kama huo ulikuwa uungwana au ujanja. Labda ndivyo alivyonifanyia mimi utotoni, aliposema hapendi minofu ya samaki, anapenda kichwa.

Tangu siku ile haizimi. Nikipita usiku nasikia mvumo mdogo nyuma ya mlango, na mlango umefungwa.