Kipandauso Kisikutawale

Wewe unayefunga mapazia mchana kweupe, ukajifunika khanga usoni na kuwaomba watoto wapunguze sauti, nakuambia: usikate tamaa! Kipandauso si deko wala uvivu. Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, na wataalamu wanazidi kuubana.

Silaha mojawapo ni umeme mdogo unaochangamsha neva. Si jambo geni: katika karne ya kwanza, tabibu wa Roma Scribonius Largus aliwawekea wenye maumivu ya kichwa samaki wa umeme panapouma mpaka pakafa ganzi. Leo kazi hiyo inafanywa na vifaa unavyoweza kuvitumia nyumbani. Cefaly, kifaa cha Ubelgiji kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2014, hubandikwa kwenye paji la uso dakika 20 kila siku. Ngozi husisimka kana kwamba sisimizi wanapita. Katika jaribio lililochapishwa 2013, likihusisha wagonjwa ambao hali yao haijawa sugu, 38 katika kila 100 walipunguza siku za kipandauso kwa nusu au zaidi. Kati ya waliovaa kifaa cha kuigiza, walikuwa 12 tu katika kila 100.

Na wenye hali sugu hawakusahauliwa. Kifaa kingine, Nerivio, hufungwa mkononi, juu ya kiwiko, shambulio linapoanza tu. Unakiongoza kwa simu kwa dakika 45, nao ubongo unaamshwa kutumia njia zake wenyewe za kuzuia maumivu. Mwaka 2020 Marekani ilikiruhusu hata kwa kipandauso sugu.

Basi chukua hatua! Tafuta daftari, weka alama kila siku kichwa kinapouma na kila kidonge unachomeza. Zikifika siku 15 kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda hali yako ni sugu: usiendelee kununua vidonge kimyakimya. Vikizidi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa. Muone daktari na daftari lako mkononi. Muulize kuhusu vifaa hivi, na umwambie kama una kifaa cha umeme kwenye moyo, maana hapo havifai. Visipopatikana, uliza dawa za kinga kama propranololi na amitriptilini.

Umevumilia vya kutosha. Nguvu uliyoitumia kuficha maumivu, itumie sasa kudai tiba. Atakayekwambia "ni kichwa tu" asikurudishe nyuma. Uliza, na usipojibiwa, uliza tena!