Seli Inayokubali Kufa

Kwenye miteremko ya Umatengo, mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa, zikaachwa zinyauke, kisha zikapangwa kwa mistari inayokatizana hadi mlima mzima unakuwa wa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na hiyo ndiyo ngoro ya Mbinga. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Chini yake nyasi zinaoza taratibu, na maji ya mvua yanatuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo hadi bondeni. Mkulima angeweza kuzichoma moto siku moja tu. Zingekufa vilevile, ila majivu yake yangeondoka na maji.

Mwilini nako kuna kufa kwa namna mbili. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza kifo cha seli kisicho ajali, wakakiita apoptosisi. Seli inasinyaa, inaikatakata DNA yake, inajigawa katika vifurushi vilivyofungwa vizuri, na jirani zake wanavimeza. Hakuna kinachomwagika. Vidole vyetu vilitengana tumboni mwa mama kwa njia hiyo: tishu iliyokuwa kati yake ilikufa kwa utaratibu. Namna ya pili ni ya kupasuka. Yaliyomo ndani yanamwagika, askari wa kinga wanakuja juu, na mahali pale panavimba na kuwaka.

Katika kuamua ni kifo kipi kije, au kisije kabisa, kinasi zina sauti kubwa. Kinasi ni protini inayochukua fosfeti kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na waliotufungulia mlango huo, Edmond Fischer na Edwin Krebs, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Kazi yenyewe ni ndogo kiasi cha kushangaza: kipande cha fosfeti kinabandikwa, basi. Lakini kinasi iitwayo AKT ikikibandika kwenye protini BAD, ambayo kazi yake ni kuisukuma seli kwenye kifo, BAD inanyamaza na seli inaishi. ATM nayo, ikigundua DNA imekatika, hukibandika kwenye protini p53. P53 inaamka, na seli isipoweza kujirekebisha inajimaliza. Fosfeti ni ile ile. Huku imeleta uhai, kule imeleta kifo.

Hapo ndipo kemia inaponigusa kama swali la maana. Tumezoea kudhani maana imejificha ndani ya jambo lenyewe, kama kokwa ndani ya tunda. Fosfeti haina kokwa. Maana yake inategemea imempata nani, katika hali gani, na nani yuko jirani. Kinasi RIPK1 inaweza kusaidia seli iishi, inaweza kuipeleka kwenye kifo cha utaratibu, na pale kimeng'enya kaspasi-8 kinapozuiwa inaweza kuungana na RIPK3 na seli ikapasuka.

Mahali nako huamua: anayeshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay anaiacha baridi ya mashamba ya kahawa na kulikuta joto la ziwa na mbu wake. Mpaka wa namna hiyo ndio alioutambua Denis Burkitt mwaka 1961, alipoondoka Kampala kwa gari na wenzake wawili kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Ulikuwepo kwenye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Katika uvimbe huo wa saratani jeni MYC huisukuma seli igawanyike bila kupumzika. Kwa kawaida seli inayosukumwa hivyo hujimaliza, lakini hii imezibwa masikio. Dawa kama siklofosfamidi huiharibu DNA yake hadi ATM na jamaa zake wapige mbiu ambayo hata sikio zito husikia.

Dawa zilizokuja baadaye zinamlenga mziba masikio mwenyewe. Katika aina moja ya saratani ya damu, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande na kuzaa kinasi BCR-ABL, isiyojua kunyamaza. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukaa mahali ambapo ATP ingekaa. Dawa hii haiirukii seli na kuichinja. Inaizima amri iliyokuwa ikiikataza kufa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikiwapa wagonjwa dawa hiyo. Kwa mtu wa Mbinga huko ni mbali: Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, kiasi cha kilomita elfu moja, na kidonge ni cha kila siku, kwa sababu ukikiacha, mara nyingi amri hurudi.

Kishawishi kipo cha kugeuza haya kuwa mahubiri: kwamba na sisi tujue wakati wetu wa kuondoka, tuwapishe wengine. Nayakataa, na sababu yangu imo katika kemia ile ile. Ikiwa kitendo kimoja kina maana tofauti kulingana na kinapotua, kifo cha seli hakiwezi kuhamishwa kikawa sheria kwa watu. Seli ipo kwa ajili ya mwili. Mzee aliyeshindwa kushika jembe hayupo kwa ajili ya shamba, na wanaomtunza hawafanyi hesabu ya faida.

Daktari anapomwandikia mgonjwa imatinibu analijua hilo, hata kama hajawahi kulitamka. Anaziruhusu seli zife kwa sababu mtu aliye mbele yake hana mbadala. Anayeona kifo ni kitu kimoja kila mahali hawezi kukielewa kidonge hicho. Atakiona kinaua na kuokoa kwa wakati mmoja, akadhani kinajipinga chenyewe.