Bwana Msa Muuza Kahawa

Mjukuu wangu,

Hadithi yako nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani mipya. Siku uliyoniletea ulisema, "Babu, najua hizi huzipendi," ukaiweka mezani kama mtu anayeacha bili ya umeme, ukaondoka. Ulisema kweli. Hadithi za mashabiki za aina nyingine nilikuwa nikizistahimili: yule anayeendeleza kisa pale mwandishi alipokiachia, au anayesimulia usiku mmoja ambao kitabu kiliuruka. Hizo hazikunishangaza, maana hata sisi tukimaliza kitabu tulikuwa tukikaa barazani tukabishana nini kilitokea baadaye. Lakini hizi mnazoziita za dunia mbadala, mfalme anakuwa mwanafunzi wa chuo, askari anakuwa mpishi, mpelelezi anauza kahawa, nilikuwa nikizikimbia. Nikiona tu mhusika hayuko kwao, nafunga.

Nianze na aibu yangu, ndipo nipate uso wa kukunasihi.

Nilipokuwa nasomesha, kijana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha ambayo ndani yake Abunuwasi ni utingo wa gari la shamba. Abiria hawataki kulipa, naye anawalipisha mmoja mmoja kwa maneno matupu, bila kumgusa mtu. Nilimpa alama nne kwa ishirini, nikaandika chini kwa wino mwekundu: "Abunuwasi hakuwa na gari." Nilijiona nalinda urithi. Miaka ikapita ndipo nikakaa na kujiuliza, huyo Abunuwasi ninayemlinda ni yupi? Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na jina lake lilivuma kwa mashairi ya mvinyo na mapenzi. Waliomfanya mjanja wa kuwazungusha masultani ni wasimuliaji waliomrithi, na waliomfanya mtu wa pwani ni mabibi zetu sisi. Alikuwa amekwisha kuhamishwa mara nyingi kabla kijana yule hajampandisha gari. Mimi nilizihesabu safari zote za nyuma kuwa asili, nikamkatalia mtoto safari moja ya mwisho. Ningejua aliko leo ningemfuata na kalamu nyekundu ile ile nimrudishie alama zake.

Na wewe, kwa werevu wako, hukumchagua Abunuwasi. Umemchagua Bwana Msa, ukijua fika kwamba hapo nitashindwa kukaa kimya.

Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960. Sisi tuliusoma kwa zamu, kitabu kimoja watu kumi, jalada limekwisha kung'oka. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alitupa mpelelezi mwenye kiko, mtaratibu, anayeona matope ya kiatu kabla ya kuona uso, na pembeni yake sahibu Najum, wa kuuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Wahakiki wamekwisha kusema mara nyingi kwamba nyuma ya Bwana Msa yupo Sherlock Holmes, na nyuma ya Najum yupo Daktari Watson. Mimi nililijua hilo na halikunisumbua hata siku moja. Hapo ndipo uliponikamata. Dunia mbadala niliyoipenda maisha yangu yote niliiita riwaya, na yako nikaiita mchezo wa watoto.

Tazama lakini alichokifanya mzee yule. Hakumchukua Mwingereza akamvisha kanzu. Aliacha ukungu wa London na magari ya farasi, akashika lile moja tu, kwamba kila tukio lina sababu na sababu huacha alama. Kisha akaliweka mahali ambapo maiti ikikutwa kwenye mzimu, watu wamekwisha kumjua muuaji: mizimu yenyewe. Mpelelezi wa huku akisema "natafuta mtu" anabishana na mtaa mzima, na wazee wake, na pengine na hofu yake mwenyewe. Conan Doyle, aliyemtunga Holmes, naye aliwahi kumpeleka penye jibwa la mashetani kule mashambani Uingereza, katika The Hound of the Baskervilles, kwa hiyo mbegu ilikuwapo. Ila huku ilipata udongo mwingine na ikazaa tunda jingine.

Mfano wa pili ninaokupa ni wa Waingereza wenyewe. Holmes alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na Watson anapoingia kisani ni daktari wa jeshi aliyetoka kujeruhiwa Afghanistan, katika vita vya 1880. Mwaka 2010 televisheni ya BBC ikawahamisha wote wawili kuwaleta London ya leo, yenye simu za mkononi na teksi. Watengenezaji wangedhani kwamba Watson atahitaji vita vipya. Havikuhitajika! Daktari wa jeshi la Uingereza wa mwaka 2010 alikuwa akirudi na jeraha kutoka Afghanistan ile ile. Miaka mia moja na thelathini, na jina la nchi halikuhitaji kubadilishwa. Hakuna insha ya historia iliyonieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo, na ni kuhamishwa kwa mhusika ndiko kulikonionyesha. Nilizima televisheni nikakaa gizani kidogo.

Hapo sasa nasaha, mjukuu wangu, na usinikunjie uso.

Nyingi ya hadithi hizi ni mbovu, na ubovu wake ni wa namna moja. Majina ni ya kuazima, watu ni wapya. Ukifuta "Holmes" ukaandika "Juma" hakuna kinachoanguka. Huyo hakuhamishwa, ameibiwa jina tu. Ukimtoa mtu kwao, jiulize nini kitamuuma kwa kukikosa, kisha kiandike hicho hicho. Mfalme aliyefanywa mwanafunzi lazima siku moja anyooshe mkono akisubiri mtu ambusu, na asibusiwe. Wapo pia wanaomhamisha mhusika ili kumkwepesha mzigo wake, utumwa au msiba au kosa alilolitenda, abaki kijana mzuri anayekunywa kahawa. Hao bado nawakimbia, na sioni haya.

La pili ni adabu. William Gillette, mwigizaji wa Marekani, alipotaka kumwoza Holmes katika tamthilia yake, alimwuliza kwanza Conan Doyle, naye akamjibu afanye apendavyo. Mfaransa Maurice Leblanc alimwingiza Holmes katika visa vya mwizi wake Arsène Lupin mwaka 1906 bila kubisha hodi, Doyle akalalamika, ikabidi mtu huyo aitwe Herlock Sholmès. Mwenye mali ni yule yule, moyo ni ule ule. Kilichotofautiana ni hodi. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991 na huwezi kumwuliza, lakini kazi zake bado zina ulinzi wa sheria. Basi jina lake litangulie juu kabisa kwa herufi zinazosomeka, na hadithi isiuzwe hata kwa shilingi.

Narudi kwenye ukurasa wako wa tatu, maana ndio ulionifanya nichukue kalamu. Bwana Msa wako anapita Mji Mkongwe usiku akiuza kahawa, dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, na hapo hapo umempa kiko. Anakishika kwa mkono gani? Wewe umemlea huyu kwa kitabu, hukumtazama muuza kahawa. Nenda kesho baada ya isha ukakae, unywe viwili, ule na kashata, usitoe simu. Utaona kwamba mikono yake haina nafasi.

Kiko akiache nyumbani. Kimuume kwa kukikosa, mara moja apapase mfuko wa kanzu asikione. Na kwa kuwa lazima awe na kitu cha kufanya anapofikiri, avigonganishe vikombe, kama wanavyofanya wote, ili mtaa usikie kahawa inapita. Najum alale dirisha wazi, aisikie sauti ile ikija kutoka Malindi, kachu, kachu, kachu, na vikinyamaza ghafla avae viatu.